Habari za Kambini: Dodgers na Waandishi Wao, kutoka Daytona Beach hadi Glendale

Kambi ya machipuko ni kipindi cha wiki sita hivi, kuanzia katikati ya Februari hadi mwishoni mwa Machi, ambapo klabu za besiboli ya kulipwa za Marekani huhamia kwenye majimbo ya joto kujiandaa na msimu. Wanaotangulia ni warushaji, yaani wachezaji wanaomtupia mpigaji mpira, pamoja na wadakaji wanaochuchumaa nyuma ya mpigaji huyo kuupokea. Mkono wa mrushaji huchukua muda mrefu kuzoea kazi, ndiyo maana huitwa mapema. Wengine hufuata baada ya siku chache, kisha huchezwa mechi za kirafiki zipatazo thelathini. Matokeo ya mechi hizo hayaingii popote kwenye msimamo wa ligi: timu iliyoshinda zote na iliyofungwa zote huanza msimu zikiwa sawasawa.

Hata hivyo mashabiki wamezifuata habari za wiki hizo kwa zaidi ya karne moja, na mara nyingi kwa hamu kuliko wanavyofuata mechi za kweli za katikati ya msimu. Jambo hilo halishangazi likitazamwa kihistoria, kwa sababu waandishi wa habari walichangia kuijenga kambi ya machipuko kama makocha walivyochangia. Klabu ya Dodgers, iliyokuwa ya Brooklyn hadi mwaka 1957 na ya Los Angeles baada ya hapo, inaonyesha historia hiyo vizuri kuliko klabu nyingine yoyote.

Mwanzo wa desturi yenyewe haukuwa Brooklyn. Mwaka 1886 Cap Anson, nahodha na kiongozi wa White Stockings ya Chicago, aliwapeleka wachezaji wake Hot Springs, mji wa chemchemi za maji ya moto katika jimbo la Arkansas. Wachezaji wa zama hizo waliupitisha msimu wa baridi kwa kula na kunywa bila kipimo, wakarudi kazini wamenenepa. Anson aliwakimbiza milimani, akawatia kwenye maji ya moto watoe jasho, na mwaka huohuo timu yake ikatwaa ubingwa wa ligi. Klabu nyingine ziliiga. Mwaka 1888 timu ya Washington ilikwenda Jacksonville, Florida, ikiwa na mdakaji kijana aitwaye Connie Mack, ambaye baadaye angekuwa kocha kwa nusu karne. Hoteli nyingi za huko ziliwakataa wachezaji kwa kuwaona wahuni. Mwaka 1886 pia ndipo lilipoanzishwa The Sporting News, gazeti la kila wiki la St. Louis ambalo lingekuwa mhimili wa habari za besiboli kwa vizazi kadhaa.

Kilichoigeuza safari ya kupunguza uzito kuwa desturi ya kitaifa ni hesabu za fedha za pande tatu. Magazeti ya miji ya kaskazini yalikuwa na kurasa za michezo za kujaza mwezi Februari, wakati viwanja vimefunikwa na theluji na hakuna kinachochezwa. Klabu zilitaka kuuza tiketi za msimu ujao. Nayo miji midogo ya kusini, hasa ya Florida, ilitaka watalii na wanunuzi wa viwanja. Kila taarifa iliyotumwa kwa telegrafu ilianza kwa jina la mji ilikotoka, na msomaji wa New York aliyekuwa akitetemeka kwa baridi alilisoma jina hilo kila asubuhi kwa mwezi mzima. Tangazo la namna hiyo halikuweza kununuliwa kwa bei yoyote. Al Lang, mfanyabiashara aliyehamia St. Petersburg akitokea Pittsburgh na baadaye akawa meya wa mji huo, alilielewa hilo mapema kuliko wote. Mwaka 1914 mji wake uliipokea timu ya Browns ya St. Louis, na tangu hapo Lang aliendelea kuzishawishi klabu ziifanye pwani ile kuwa makao yao ya machipuko.

Waandishi nao walikuwa na nafasi isiyo ya kawaida. Walisafiri kwenye treni ileile ya wachezaji, wakalala hoteli ileile, na kwa miongo mingi gharama zao zililipwa na klabu walizoziandika. Chama chao, kilichoanzishwa mwaka 1908, kilihangaikia zaidi viti bora uwanjani na njia za telegrafu kuliko suala la nani analipa nauli. Ni haki kusema kwamba mfumo huo uliwafanya wapole mno. Mchezaji aliyelewa aliandikwa kuwa ana mafua. Aliyefilisika kwa kamari hakuandikwa kabisa. Kilichobaki ni habari njema: fulani amepunguza uzito, fulani mkono wake umepona, na kuna kijana kutoka shambani anayerusha mpira kwa kasi ambayo haijapata kuonekana. Ring Lardner, aliyesafiri na timu za Chicago kama mwandishi kabla ya kuwa mtunzi wa hadithi, aliijua mitindo hiyo yote. Hadithi zake za mrushaji mwenye majivuno anayemwandikia rafiki yake barua, zilizoanza kutoka mwaka 1914, zilipata nguvu kwa sababu zilisema yale ambayo taarifa za kambini ziliyaficha.

Brooklyn ulikuwa mji wenye mapokeo marefu ya uandishi wa besiboli. Henry Chadwick, aliyeandikia gazeti la Brooklyn Eagle kwa miaka mingi, ndiye aliyeendeleza jedwali la takwimu za mechi lililomwezesha msomaji kuuona mchezo ambao hakuuhudhuria. Kwa hiyo timu ya mji huo ilipohamishia kambi yake Daytona Beach, Florida, mwaka 1915, chini ya kocha Wilbert Robinson, wasomaji walikuwa tayari wakingoja kila neno kutoka huko. Walichopata mwezi Machi ni kisa kilichowashinda wote kukisahau. Ruth Law, mmoja wa wanawake wa kwanza wa Marekani kurusha ndege, alikuwa akifanya maonyesho pwani hapo. Ikapangwa aangushe mpira kutoka angani na Robinson, aliyekuwa mdakaji hodari enzi zake, ajaribu kuudaka. Kilichoshuka hakikuwa mpira bali balungi. Lilimpasukia kocha kifuani, na kwa ule umajimaji uliomlowesha akadhani ni damu yake mwenyewe. Masimulizi ya nani alibadilisha mpira kwa tunda yanatofautiana. Mchezaji Casey Stengel alipenda kujitwika sifa hiyo, ilhali Law mwenyewe alieleza kuwa mpira ulisahauliwa hotelini. Mechi za machipuko za Florida zinaitwa Ligi ya Mabalungi hadi leo, na kisa hicho hutajwa kila mara jina hilo linapoelezwa.

Timu zilirudi kaskazini kwa treni zikicheza mji baada ya mji, mara nyingi mbili kwa pamoja, ili watu ambao wasingefika kamwe New York waone nyota kwa macho yao. Mwezi Aprili 1925 Brooklyn na Yankees walikuwa kwenye safari ya namna hiyo wakati Babe Ruth, mchezaji mashuhuri kuliko wote, alipoanguka kwenye stesheni ya Asheville, North Carolina. Uvumi ulipita kwenye nyaya za telegrafu kwa kasi kuliko treni iliyombeba mgonjwa, na London kuna magazeti yaliyochapisha kwamba amekufa. Ruth alifanyiwa upasuaji, akarudi uwanjani tarehe 1 Juni. Kwa wahariri lilikuwa onyo la wazi: watu walikuwa wanazifuata mno habari za kambi, na njia za kuzithibitisha zilikuwa hafifu.

Habari nyingine ya kudumu ya kila Machi ilikuwa ya wachezaji waliogoma kusaini mikataba. Sheria za ligi zilimfunga mchezaji kwa klabu yake maisha yake yote ya uchezaji: hakuweza kwenda kwingine ila auzwe au aachwe. Silaha pekee aliyokuwa nayo ni kubaki nyumbani wakati wenzake wanaanza mazoezi, na uwanja wa mapambano hayo ulikuwa gazeti. Klabu ilitoa idadi ya dola alizozikataa mchezaji, mchezaji akajibu kupitia kwa mwandishi, na mashabiki wakagawanyika. Mara nyingi waliegemea upande wa klabu, kwa kuwa klabu ndiyo iliyolipa nauli ya mwandishi.

Vita ya Pili ya Dunia iliiondolea kambi jua lake. Ili treni ziachiwe askari na mizigo ya vita, mamlaka ya usafiri na Kamishna wa besiboli Kenesaw Mountain Landis walikubaliana kwamba klabu zifanye mazoezi kaskazini, karibu na makwao. Kuanzia 1943 hadi 1945 Dodgers, ambao miaka miwili iliyotangulia walikuwa Havana, Kuba, walijikuta Bear Mountain, penye milima na theluji kando ya mto Hudson, wakiazima ukumbi wa mazoezi wa chuo cha kijeshi cha West Point hali ya hewa ilipokuwa mbaya. Kwa waandishi ilikuwa safari fupi kutoka mjini. Na ukaribu huo ulizaa habari ambayo Florida isingeizaa. Tarehe 6 Aprili 1945 Joe Bostic, mwandishi wa gazeti la Wamarekani Weusi la People's Voice la Harlem, alifika kambini bila mwaliko akiwa na wachezaji wawili weusi, Terris McDuffie na Dave Thomas, akadai wajaribiwe. Ligi kuu ilikuwa imewafungia milango watu weusi tangu miaka ya 1880. Branch Rickey, rais wa klabu, alikasirika kwa kushtukizwa, lakini kesho yake akawapa nafasi ya kuonyesha uwezo wao. Hawakusajiliwa. Hata hivyo jambo lisilotajwa lilikuwa limetajwa, na lilitajwa na mwandishi.

Rickey alikuwa tayari na mpango wake wa siri. Oktoba 1945 ilitangazwa kwamba Jackie Robinson amesajiliwa na Montreal Royals, timu tanzu ya Dodgers, na kambi ya mwaka 1946 ikawa tukio la kihistoria kabla mpira haujarushwa. Robinson na mkewe Rachel, waliooana mwezi Februari, waliondoka Los Angeles kwa ndege kwenda Daytona Beach. New Orleans waliondolewa kwenye orodha ya abiria. Pensacola waliteremshwa tena ili weupe wapate nafasi. Sehemu ya mwisho ya safari waliimaliza ndani ya basi, kwenye viti vya nyuma. Huko Sanford, mji mwingine wa Florida ambako vijana wengi wa klabu walianzia mazoezi, vitisho viliwafanya Robinson na mrushaji mweusi John Wright waondolewe mjini haraka na kurudishwa Daytona Beach. Walilazwa kwenye nyumba za familia nyeusi huku wenzao wakilala hotelini.

Aliyekuwa nao muda wote ni Wendell Smith wa Pittsburgh Courier, gazeti la kila wiki lililosomwa na watu weusi nchi nzima, pamoja na mpigapicha Billy Rowe. Smith alitafuta malazi, akaendesha gari, akampa Robinson ushauri, na usiku akaandika. Rickey alimlipa dola 50 kwa wiki kwa kazi hiyo, sawa na mshahara wake gazetini. Kwa kanuni za leo za uandishi mpangilio huo ungekataliwa, lakini kuupima kwa kanuni hizo ni kusahau kwamba waandishi weupe nao walikuwa wakilishwa na kusafirishwa na klabu, tena bila hatari yoyote juu ya maisha yao. Tofauti iliyo muhimu iko kwenye kile walichoandika. Magazeti makubwa ya weupe yalimtendea Robinson kama habari ndogo ya michezo, yakataja kama ameshika au amekosa mpira. Courier liliwaeleza wasomaji wake kinachotokea nje ya mistari ya uwanja.

Na mengi yalitokea. Tarehe 17 Machi 1946, kwenye uwanja wa City Island wa Daytona Beach, Robinson aliichezea Royals dhidi ya Dodgers wenyewe, mbele ya watu wapatao 4,000, weusi wakiwa wametengewa sehemu yao. Hakupata pigo salama hata moja siku hiyo, lakini alicheza, na jambo hilo lilikuwa halijaonekana Florida katika besiboli ya kulipwa ya karne ile. Miji mingine haikufuata mfano. Jacksonville lango la uwanja lilitiwa kufuli. DeLand mechi ilifutwa kwa maelezo kwamba taa za uwanja zimeharibika, ingawa ilipangwa kuchezwa mchana. Sanford, ambako Robinson alirudi kucheza, mkuu wa polisi alifika akaamuru aondolewe mchezo ukiendelea. Mtu aliyefuata kambi hiyo kupitia gazeti moja na mwingine aliyeifuata kupitia jingine walisoma habari za nchi mbili tofauti.

Mwaka 1947 Rickey aliipeleka timu Havana, akitaraji hali ya Kuba ingepunguza misuguano. Hata huko Robinson, Roy Campanella, Don Newcombe na Roy Partlow walilazwa peke yao kwenye hoteli duni, kwa uamuzi wa klabu yenyewe, huku Dodgers wakikaa Hotel Nacional. Baadhi ya wachezaji weupe walianza kupanga waraka wa kumkataa Robinson. Kocha Leo Durocher alipopata habari hizo wakiwa ziarani Panama, aliwaamsha usiku na kuwaambia kwamba asiyetaka kucheza naye ataondoka yeye. Tarehe 9 Aprili Durocher mwenyewe alifungiwa msimu mzima na Kamishna Happy Chandler, na magazeti ya New York yakajaa hasira. Kesho yake, mechi ya kirafiki ya Dodgers na Royals ikiendelea kwenye uwanja wa Ebbets Field, waandishi waligawiwa karatasi yenye taarifa fupi kuwa klabu imeununua mkataba wa Robinson kutoka Montreal. Siku tano baadaye alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu. Mwaka uliofuata Sam Lacy, mwandishi mweusi wa Baltimore, aliingizwa kwenye chama cha waandishi wa besiboli, akiwa wa kwanza wa rangi yake. Wendell Smith naye alipokelewa baada yake. Hadi wakati huo walikuwa wakizuiwa kukaa kwenye majukwaa ya waandishi ya viwanja vingi.

Funzo ambalo Rickey alilipata ni kwamba klabu iliyochanganya rangi ilihitaji mji wake yenyewe. Mfanyabiashara wa Vero Beach, Florida, Bud Holman, alimwonyesha kituo cha ndege za jeshi la majini kilichokuwa kimeachwa baada ya vita. Kuanzia 1948 mabweni ya marubani yakawa Dodgertown. Mamia ya vijana wa timu tanzu walipita hapo kila mwaka, wakila kwenye ukumbi mmoja, wakifanya mazoezi kwa ratiba ya dakika kwa dakika. Rickey alitundika kamba mbele ya mdakaji kuonyesha mipaka ambamo mpira wa mrushaji hupaswa kupita, akachimba mashimo ya mchanga ya kujifunzia kuteleza. Waandishi walipewa vyumba humohumo. Mashabiki wa Brooklyn waliisoma Dodgertown kama kijiji wanachokijua, na kwa watu waliokuwa wakipoteza fainali mwaka baada ya mwaka, kisha wakifarijiana kwamba wangoje mwakani, Machi ulikuwa mwezi ambao mwakani hiyo ilikuwa imewadia na haijavunja moyo wa mtu.

Ndani ya uzio wa kambi wachezaji weusi na weupe walilala na kula pamoja. Nje yake Vero Beach ulibaki mji wa ubaguzi: kunyoa nywele au kwenda sinema kulimaanisha safari hadi Gifford, mtaa wa weusi, na hata majukwaa ya Holman Stadium, uwanja uliofunguliwa kambini mwaka 1953, yalitenga watazamaji kwa rangi hadi mapema miaka ya 1960. Walter O'Malley, aliyechukua klabu kutoka kwa Rickey mwaka 1950, baadaye alijenga uwanja wa gofu ndani ya kambi, ambamo wachezaji weusi wangeweza kucheza bila kuzuiwa na mtu. Kilichovunja ukimya kuhusu Florida yote ni habari tena. Januari 1961 Wendell Smith, sasa akiwa kwenye gazeti kubwa la Chicago, aliandika mfululizo wa makala kuhusu hoteli za kusini zilizowakataa wachezaji weusi. Mwezi Machi Bill White, mchezaji mweusi wa Cardinals, alimweleza mwandishi wa shirika la habari kwamba mji wa St. Petersburg umeandaa kifungua kinywa cha heshima kwa wachezaji na hakuna mweusi hata mmoja aliyealikwa. Mji uliokuwa umeishi kwa kutangazwa na magazeti kwa karibu miaka hamsini uliona sasa tangazo la aina nyingine, na katika misimu michache iliyofuata klabu zikaanza kulaza wachezaji wao wote mahali pamoja.

Uandishi wenyewe ulikuwa ukibadilika. Dick Young wa Daily News ya New York aliwafuata wachezaji hadi chumba chao cha kubadilishia nguo kutafuta maneno yao, wakati wakongwe waliridhika kutazama kutoka jukwaani. Redio na televisheni zilikuwa zimemwambia msomaji nani kashinda. Gazeti lilipaswa kumwambia kwa nini. Brooklyn Eagle halikuishi kuyaona matunda ya kazi yake ndefu. Lilifungwa mwanzoni mwa mwaka 1955 baada ya mgomo wa wafanyakazi, na Oktoba mwaka huohuo Dodgers wakatwaa World Series, yaani fainali ya ligi kuu, kwa mara ya kwanza na ya pekee wakiwa Brooklyn. Miaka miwili baadaye timu ilihamia Los Angeles.

Kambi haikuhama. Kwa nusu karne zaidi timu ya Pwani ya Pasifiki ilijiandaa kando ya Atlantiki, upande mwingine kabisa wa nchi, kwa tofauti ya saa tatu. Shabiki wa California hakuweza kwenda kutazama mazoezi, hivyo aliitegemea sauti ya Vin Scully, mtangazaji aliyejiunga na klabu mwaka 1950 na kubaki nayo hadi 2016, pamoja na kurasa za Los Angeles Times. Katika mazingira hayo mambo makubwa yaliweza kupita bila kelele. Machi 1961 mrushaji Sandy Koufax, kijana mwenye kasi nyingi na shabaha chache, alikuwa kwenye mechi ndogo ya kirafiki huko Orlando wakati mdakaji wake Norm Sherry alipomshauri apunguze nguvu. Alifuata ushauri, na hakuna mpigaji aliyempiga. Mwaka huo aliwaondoa wapigaji 269 kwa mirusho yake na kuongoza ligi, na mazungumzo yale ya dakika chache sasa huhesabiwa kuwa tukio kubwa la kambi ile.

Miaka mitano baadaye Koufax alikuwa mrushaji bora duniani, na kukosekana kwake kambini ndiyo ikawa habari. Yeye na mrushaji mwenzake Don Drysdale waliungana mwaka 1966 kudai dola milioni moja kwa miaka mitatu wagawane, wakakaa siku 32 bila kwenda Vero Beach, na kutangaza kwamba wataigiza filamu. Walisaini mwishoni mwa Machi kwa dola 125,000 na 110,000. Mwaka 1975 mrushaji mwingine wa Dodgers, Andy Messersmith, alicheza msimu mzima bila kusaini mkataba, kisha Desemba msuluhishi Peter Seitz akaamua kwamba yuko huru. Wamiliki walijibu kwa kufunga milango ya kambi Machi 1976, hadi Kamishna Bowie Kuhn alipoagiza ifunguliwe. Uamuzi wa Seitz uliubadilisha mwaka wa habari wote. Mvutano wa fedha ulihamia Novemba na Desemba, wakati wachezaji huru wanaposajiliwa, na Machi ikaachiwa majeraha, vijana wapya na nafasi za mwisho kikosini.

Lugha za wasomaji wa habari hizo ziliongezeka. Fernando Valenzuela, mrushaji wa Meksiko aliyeitikisa ligi mwaka 1981, aliwavuta waandishi wa Kihispania, na mwaka uliofuata kuchelewa kwake kusaini kulikuwa habari Mexico City na Los Angeles kwa pamoja. Hideo Nomo alipoingia Vero Beach mwaka 1995, machipuko yaliyovurugwa na mgomo wa wachezaji, alifuatwa na kundi kubwa la waandishi kutoka Japani, nchi ambayo magazeti yake ya michezo huzifuata kambi zake zenyewe za Miyazaki na Okinawa kila siku tangu 1 Februari. Tabia ya kuamini mno habari za Machi nayo ilipata kipimo chake: tarehe 1 Aprili 1985 Sports Illustrated lilichapisha makala ya George Plimpton kuhusu mrushaji wa Mets aitwaye Sidd Finch, mwenye kasi ya maili 168 kwa saa, na wasomaji wengi waliamini hadi ilipobainishwa kuwa ni mzaha wa Siku ya Wajinga.

Machi 2008 Dodgers waliiaga Vero Beach. Mwaka uliofuata walifungua kambi Glendale, Arizona, kwenye uwanja wa Camelback Ranch wanaouchangia na White Sox. Arizona ilikuwa imeanza kupokea klabu kwa wingi baada ya Cleveland kwenda Tucson na Giants kwenda Phoenix mwaka 1947, na sasa nusu ya klabu 30 za ligi kuu ziko huko, kwenye kile kiitwacho Ligi ya Madungusi. Viwanja vyake vimezunguka Phoenix, kiasi kwamba mwandishi mmoja aweza kufika kambi mbili kwa siku moja, na shabiki wa Los Angeles akafika kwa gari. Kambi ya Vero Beach ilichukuliwa na ligi kuu mwaka 2019, ikapewa jina la Jackie Robinson.

Njia ya habari nayo imekuwa fupi. Klabu inatangaza yenyewe, mchezaji anatangaza mwenyewe. Shohei Ohtani, aliyesajiliwa Desemba 2023 kwa dola milioni 700 kwa miaka kumi, alitangaza mwenyewe mtandaoni mwishoni mwa Februari 2024, kambi ikiendelea, kwamba ameoa, na waandishi waliokuwa Glendale walipata habari hiyo sawa na mashabiki wote. Kinachowabakizia kazi ni kile ambacho hakuna anayekitangaza kwa hiari: mrushaji anayeshika kiwiko, kijana anayehamishwa chumba, kikosi cha watu zaidi ya sitini kinachopunguzwa hadi 26. Nyuma ya uwanja mkubwa, kwenye viwanja vya timu tanzu, wamo vijana wa mataifa mengi ambao majina yao hayajafika gazetini. Mwaka 2022 Dodgers walisajili wawili kutoka Uganda, nchi ambayo watoto wake wa Lugazi, mwaka 2012, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Habari za usajili huo zilisomwa Kampala siku zilezile ziliposomwa Los Angeles.